Punje 43: Goti lililoteguka na mtoto anayetaka kubebwa

Fundi aliteleza kwenye korongo wiki ya pili ya Januari, asubuhi baada ya mvua ya usiku kucha, mtoto akiwa mgongoni. Anayeijua Dodoma anaijua ardhi ile. Sehemu kubwa ya mwaka korongo ni mchanga mkavu, watoto wanacheza mpira humo, watu wanakatiza kwenda sokoni. Mvua moja kubwa ikishuka, kunabaki tope jembamba juu ya mchanga mgumu, na hatua moja tu inatosha. Mguu wake wa kushoto ulizama na kukwama, mwili ukageukia kulia, goti likaingia ndani. Angejiachia akaanguka chali, pengine asingeumia kiasi kile. Hakujiachia kwa sababu nyuma kulikuwa na mtoto.

Namwita Fundi kwa kuwa ndivyo mtaa mzima unavyomwita. Anashona kwa cherehani ya miguu kwenye kibaraza cha nyumba aliyopanga. Amekubali niandike kisa chake, nami nimeacha yale ambayo yangemtambulisha. Ana miaka 31. Mume wake ni dereva wa lori, analala nyumbani siku mbili au tatu kwa wiki. Wana binti wa darasa la tatu, na mtoto wa kiume aliyekuwa na mwaka mmoja na miezi miwili siku ile, kilo 10, anayenyonya, ndiyo kwanza anaanza kuachia ukuta na kutembea. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia. Ninakiandika kisa hiki kwa sababu kimebadilisha namna ninavyomhoji kila mzazi anayeniletea goti.

Jambo moja zaidi kuhusu Januari. Shule zinafunguliwa, na kwa fundi cherehani hayo ndiyo mavuno: sketi, kaptura, mashati meupe, kila mzazi anataka jana. Kumwambia fundi apumzike wiki hizo ni sawa na kumwambia mkulima apumzike mvua zinapoanza.

Usiku ule ule bibi wa nyumba ya jirani alimkanda goti kwa maji ya moto na kumchua kwa mafuta, kwa upendo na kwa nguvu zote alizonazo. Kulipokucha goti lilikuwa limejaa. Sitaki kumlaumu bibi yule, maana baadaye ndiye aliyekuwa msaada mkubwa kuliko sote. Lakini goti lililoteguka halitaki moto wala kuchuliwa siku mbili tatu za mwanzo. Joto linafungua mishipa ya damu na uvimbe unazidi. Linataka ubaridi. Nyumba isiyo na friji bado inao: kanga iliyochovywa kwenye maji ya mtungi, ikakamuliwa na kuzungushiwa goti, inapoa yenyewe kwa sababu hewa ya Dodoma ni kavu na maji yanaruka haraka. Dakika 15 hivi, inachovywa tena, inarudishwa.

Siku ya pili alikwenda kituo cha afya. Alifungwa bandeji, akapewa vidonge vya maumivu, akaambiwa apumzike wiki 3 na asibebe kitu kizito. Vidonge aliviacha kesho yake, kwa kuwa aliambiwa mtaani vitaingia kwenye maziwa. Panado na ibuprofeni zinaruhusiwa kwa mama anayenyonyesha. Kiasi kinachofika kwenye maziwa ni kidogo sana. Hakuna aliyemwambia hivyo, na yeye hakuuliza kwa kuwa foleni ilikuwa ndefu. Basi akakaa wiki 3 na maumivu ambayo hayakuwa ya lazima.

Alipokuja kwangu mwisho wa mwezi alikuwa anatembea kwa kuchechemea, goti halinyooki vizuri. Nililipima. Kuna kanuni inayotusaidia kuamua nani apigwe picha ya mifupa baada ya goti kuumia: mwenye miaka 55 au zaidi, anayeumia akibonyezwa kwenye pia ya goti peke yake au kwenye kichwa cha mfupa mwembamba wa nje, asiyeweza kukunja goti mpaka nyuzi 90, au aliyeshindwa kutembea hatua 4 baada ya kuumia na hata anapopimwa. Yeye hakuwa na hata kimoja. Maumivu yalikuwa upande wa ndani, pale kano la ndani linaposhika mfupa wa paja. Nikisukuma goti kuelekea ndani likiwa limekunjwa kidogo, lilifunguka zaidi ya la kulia, lakini lilikuwa na mwisho. Kano lilichanika sehemu, halikukatika. Nilivuta mfupa wa ugoko kwenda mbele, ukasimama panapostahili, hivyo lile kano la katikati linalowaharibia wachezaji mpira msimu mzima lilikuwa salama. Gegedu la ndani, ile meniski inayokaa kama kata kati ya mifupa miwili, nililitilia shaka kidogo.

Zilikuwa habari njema. Kano la ndani ya goti lina damu ya kutosha, na mara nyingi linapona bila kupasuliwa likitunzwa kwa wiki kadhaa. Kazi kubwa inabaki kwenye misuli ya mbele ya paja. Goti likijaa maji, hata kidogo, misuli ile inazimika: mishipa ya fahamu ya goti inaikataza kufanya kazi, na mgonjwa hawezi kuilazimisha kwa ujasiri tu. Ndiyo maana watu wanasema goti "linaachia". Kano linaweza kuwa linapona vizuri, huku paja likiwa limelala.

Nikampa mazoezi matano, kila moja mara 10, seti 3, mara 3 kwa siku. Nikayachora kwenye karatasi. Akakunja karatasi vizuri, akaiweka kwenye pochi, akasema, "Asante dokta." Alirudi baada ya wiki 2 goti likiwa limevimba kuliko mwanzo, na hakuna zoezi hata moja alilofanya. Kwenye faili niliandika maneno mawili ambayo mpaka leo yananiumiza nikiyasoma: hafuati maelekezo.

Nilimwuliza, kwa sauti ambayo sasa ningeibadilisha, kwa nini hakupumzika. Mtoto alikuwa mapajani anavuta kola ya gauni lake. Akasema, "Dokta, nikipumzika, huyu anabebwa na nani?"

Sikuwa na jibu. Wiki 5 zilikuwa zimepita tangu aumie, watu wawili wenye taaluma walikuwa wamemhudumia, na hakuna kati yetu aliyeuliza nani anapika, nani anateka maji, choo chake kikoje, na mtoto analala wapi. Mtoto alikuwepo chumbani mara zote mbili. Tulimwona kama mzigo aliokuja nao.

Jumamosi ile nilikwenda nyumbani kwake. Nilikuta anatii kwa kiasi chake. Maji hachoti, binti anabeba nusu ndoo nusu ndoo kutoka bombani, na bibi wa jirani anajaza lililobaki. "Ulisema kitu kizito nisibebe," akaniambia, ingawa aliyesema ni wa kituo cha afya. Wakati ananieleza hayo alimnyanyua mtoto kutoka kwenye mkeka mara mbili, akiinama goti la kushoto likiingia ndani kila mara. Hakujua kama anafanya hivyo.

Nilimwomba vikombe viwili na konzi ya mahindi. Kila anapomnyanyua mtoto kutoka chini, ahamishe punje moja. Asibadilishe chochote, ahesabu tu, na amwambie binti amkumbushe. Kesho yake jioni alinipigia simu. Punje 43.

Mtoto wa kilo 10 mara 43 ni kilo 430. Ndoo ya lita 20 ina kilo 20. Mama huyu aliyekatazwa kubeba ndoo alikuwa ananyanyua uzito wa ndoo 21 na zaidi kila siku, kutoka sakafuni, kwa goti ambalo kano lake limechanika. Hakuwa mkaidi hata kidogo. Neno "kitu" halikumjumuisha mwanawe, wala halingeweza kumjumuisha.

Tulikaa naye, mimi, yeye na bibi wa jirani, tukazigawa zile punje kwa kumbukumbu yake. Kama 19 zilikuwa mtoto kunyoosha mikono anataka kubebwa. Kama 9 ni kumtoa kwenye mkeka baada ya kunyonya au kuamka. Zipatazo 7 ni kuoga na kubadilishwa nepi. Na 8 zilikuwa kumwahi: jiko la mkaa, kopo la sindano, mlango wa uani. Tangu siku ile matibabu yalianzia kwenye hesabu hii, na karatasi yangu ya mazoezi ikawekwa kando.

Zile 9 ziliisha siku moja. Mkeka wa kunyonyeshea uliondoka, wakahamia kitandani. Mama analala ubavu, mtoto ananyonya, akilala analala palepale na mto pembeni. Akiamka anateremka mwenyewe kwa tumbo, miguu kwanza. Kuteremka tulimfundisha jioni mbili, na kwa mtoto wa umri ule ni mchezo mtamu kuliko midoli. Beseni la kuogea lilipanda juu ya benchi la kushonea, mama amesimama wima, goti limenyooka. Nepi zikabadilishwa kitandani.

Nane za kumwahi zilihitaji mikono ya watu. Mama asiyeweza kukimbia hawezi kuishi kwenye nyumba inayomtaka akimbie. Bibi wa jirani alitoa meza ndogo, jiko likapanda juu na kusogezwa nyuma ya benchi lililolalishwa ubavu, na hilo likamwondolea pia kukaa kwenye kigoda goti likiwa limekunjwa mpaka mwisho. Mume aliporudi safari alipiga komeo kwenye mlango wa uani na msumari wa kutundikia kopo la sindano. Nilizungumza naye kwa simu kabla. Alikuwa na hofu moja, kwamba mke wake atabaki kiwete, na hakuna aliyewahi kumweleza kinyume. Nilipomweleza kano la ndani linavyopona alinyamaza kidogo, halafu akauliza yeye afanye nini. Nilimwambia siku anazokuwepo mtoto awe wake tangu alfajiri: amwogeshe, ambebe, afue nepi. Alifanya hivyo, na majirani walisema waliyosema.

Choo chao ni cha kuchuchumaa, mara kadhaa kwa siku, na nilikuwa sijakiuliza. Kuchuchumaa kunalikunja goti mpaka mwisho na kuibana meniski, kisha kunalitaka liinue mwili mzima kutoka huko. Tulifanya wanavyofanya wengi kwa wazee wao: kiti cha plastiki kilichokatwa tundu katikati, kikawekwa juu ya shimo, na fundi seremala akagongelea ubao wa kushika ukutani. Nadhani kiti kile kilisaidia kuliko zoezi lolote nililompa mwezi ule.

Zikabaki zile 19, na hapo sikuwa na la kiufundi la kusema. Mtoto anasimama mbele ya mama, ananyoosha mikono. Mama hamnyanyui. Mtoto analia, analala chini, anagonga kichwa sakafuni. "Anadhani simtaki," Fundi aliniambia, na alilia kwa mara ya kwanza mbele yangu. Maumivu ya goti alikuwa ameyasimulia akiwa mkavu wa macho.

Umri ule, kati ya miezi 10 na mwaka mmoja na nusu, ndio watoto wengi wanaomganda mama zaidi na kuogopa kuachwa. Mtoto hakuwa mdekaji. Alikuwa anapoteza kitu alichokizoea tangu azaliwe, mgongo na nyonga ya mama yake, bila mtu wa kumweleza. Tulikubaliana kwamba asinyimwe mama, anyimwe kunyanyuliwa kutoka chini tu. Kila anaponyoosha mikono, mama aache anachofanya, akae kwenye stuli ndefu, afungue mapaja, aseme, "Panda." Mbele ya stuli tukaweka kiboksi cha mbao kama ngazi. Mara za kwanza bibi au binti alimsukuma makalio. Akishapanda, anakumbatiwa kadiri anavyotaka. Na mama akitaka kusimama naye, anaanza kumkumbatia kifuani, anarudisha mguu wa kulia chini ya stuli, anainuka kwa nguvu ya mguu huo usioumia, wa kushoto unafuata.

Siku 4 za mwanzo zilikuwa mbaya. Fundi alitaka kuacha. Bibi akamwambia kwamba yeye alilea watoto 7 mgongo ukiwa mbovu, na hakuna hata mmoja aliyemchukia. Siku ya 8 au ya 9 mtoto alikwenda mwenyewe kwenye stuli tupu, akapanda, akageuka, akamwita mama yake.

Swali la kumbeba mtoto mgongoni nililipata mapema, na wengi wananiuliza. Kumfunga mtoto mgongoni kwa kanga ni afadhali kuliko kumning'iniza kwenye nyonga moja, maana uzito unakaa katikati. Fundi alizoea kumbeba nyonga ya kushoto ili mkono wa kulia ufanye kazi, yaani upande ule ule wa goti bovu. Lakini kumtupia mgongoni kwa kuinama kunamtaka mtu awe imara. Kwa hiyo kwa wiki kadhaa alifungwa mama akiwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mtu mwingine akimshika mtoto, na ilikuwa kwa ajili ya sakafu ya nyumbani tu. Korongoni mtoto alivushwa na mtu mwingine.

Mazoezi nayo niliyaondoa kwenye saa nikayaweka kwenye mtoto. Mama huyu hakuwa na "mara 3 kwa siku". Alikuwa na kunyonyesha mara 5. Basi kila akimaliza kunyonyesha, anageuka chali, mguu wa kushoto umenyooka, kanga iliyoviringwa chini ya kisigino, anakaza paja kana kwamba anataka kuligandamiza goti kwenye godoro, anahesabu mpaka 5, analegeza, mara 10. Mtoto akilala mchana, anainua mguu mzima ukiwa umenyooka. Jioni anavuta kisigino kwenye sakafu laini, kitambaa chini ya mguu, kurudisha mkunjo. Nilipoona paja limeamka tukaongeza kuchuchumaa kidogo tu akiwa ameshika fremu ya mlango, na goti lisiruhusiwe kuingia ndani. Baadaye kupanda na kushuka kiboksi kile kile cha mtoto. Mtoto alimwiga. Walipanda kwa zamu.

Na cherehani. Alikuwa anakanyaga kwa mguu wa kulia peke yake tangu Januari na alipoteza karibu nusu ya kazi za shule; hilo halikurudi. Nilipoangalia mwendo wa kanyagio niliona goti linakunjwa na kunyooka kidogo kidogo, bila uzito, mamia ya mara. Nilimruhusu arudishe mguu wa kushoto, dakika 10, kisha 20. Kukakamaa kwa goti asubuhi kulipungua wiki ileile.

Katikati ya Machi tulirudi nyuma. Binti alisahau komeo, mtoto akatoka uani, pikipiki ikasikika njiani. Fundi alikimbia hatua nne au tano na goti likaachia. Alitambaa mpaka akamfikia mtoto. Goti lilijaa tena, akanipigia akiomba msamaha. Nilimwambia hakuna mzazi ambaye asingekimbia, na nilimaanisha. Nililipima upya: kano halikuwa limelegea zaidi, liliweza kunyooka, halikukwama. Tulirudi kwenye kanga ya baridi na mazoezi ya mwanzo kwa siku 5, tukaendelea.

Kama goti lingekuwa limekwama, likakataa kunyooka kabisa, ningempeleka kwa daktari wa mifupa siku ileile, kwa kuwa huenda kipande cha meniski kimeingia kati. Ndivyo ningefanya pia kama lingekuwa la moto na jekundu akiwa na homa, au shavu la mguu lingevimba na kuuma, au unyayo ungekufa ganzi. Mambo hayo hayangojwi nyumbani, hata kama mtoto hana wa kubaki naye, aende naye.

Mwisho wa Aprili korongo lilikuwa limekauka. Fundi alihesabu punje mara ya mwisho bila mimi kumwomba: 12. Goti linanyooka sawa na la kulia, paja limerudi karibu unene wake, kano nikilisukuma linashika. Kuchuchumaa mpaka chini bado kunamvuta upande wa ndani, na kiti cha tundu hajakiondoa chooni. Akisimama baada ya kukaa sana goti linalia mara moja. Tumekubaliana kwamba likianza kukwama au kujaa bila sababu, atakwenda kupigwa picha ya kuonyesha meniski. Kwa sasa hatumii fedha hiyo.

Kwenye faili nimeyakata yale maneno mawili kwa mstari, nikaandika juu yake idadi: 43. Kiboksi cha mbao kiko kibarazani, kando ya cherehani. Nilipofika mara ya mwisho mtoto alikuwa amekikalia, anapanga vifungo kwenye kifuniko cha kopo, na mama yake anakanyaga kwa miguu yote miwili.